Fundi wa Stima Asiyegusa Waya Kabla ya Kumaliza Chai

Saa kumi na moja unusu jioni, Janefer Nyamoita ameketi sebuleni kwa watu, kikombe cha chai mkononi, macho kwenye dari. Mkoba wake wa vifaa uko sakafuni, haujafunguliwa. Hajauliza hata swichi kuu iko wapi. Anakunywa chai na kutazama balbu, basi.

Ungemkuta hivyo ungesema ni mgeni aliyeletwa na mambo ya mahari. Kumbe ni fundi wa stima, na hapo alipo yuko kazini.

Nyumba hii, kwenye kilima kimoja cha chai nje kidogo ya soko la Roret, ina balbu nne za LED: sebuleni, jikoni, chumbani na barazani. Zinawaka vizuri, nyeupe pe. Halafu, bila mtu kugusa chochote, zinafifia, zinarudi, zinafifia tena, zinatulia. Nyamoita anatazama saa kwenye simu yake na kupiga funda lingine la chai.

"Kikombe cha kwanza ni cha macho," anasema. "Nikimaliza hiki ndio nashika bisibisi. Hata uniambie nyumba inaungua, kwanza nitaangalia inaungulia wapi."

Maneno yakishamtoka, anajiuma mdomo. Katika nyumba nyingine huo ndio utani wake wa kila siku, na watu hucheka. Hapa hakuna anayecheka.

Mwenye nyumba ni Chepngeno, mjane wa miaka 68 anayechuma chai yake mwenyewe kwenye shamba la nusu ekari. Amesimama mlangoni mwa jikoni, leso kiunoni. Amemkaribisha fundi, amemmiminia chai, lakini yeye mwenyewe hajaketi. Miaka mitatu iliyopita, juu ya msingi huu huu, palikuwa na nyumba yake nyingine. Iliungua.

Nyamoita hapepesi macho akiulizwa nani aliiacha iungue.

"Ni mimi," anasema. "Watu husema stima. Si stima. Ni mimi."

Nyamoita ana miaka 43. Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la chai upande wa Kericho, mama mchumaji, baba mkata kuni za kiwanda. Wazazi wake walitoka Kisii wakiwa vijana wakitafuta kazi, wakaipata, wakazeekea huku. Yeye pia alichuma chai kwa miaka minane kabla ya kuingia chuo cha ufundi akiwa na miaka 27. Darasani kulikuwa na wanaume kumi na tisa na yeye.

Leo ana kiduka sokoni Roret, chenye balbu, holda za kuzishikilia, soketi na waya wa kukatwa kwa mita. Mumewe, Kebaso, ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai kilicho ng'ambo ya bonde. Wana binti mmoja, Atuti, aliye sekondari.

Kumfanya mtu akubali kwamba fundi wa stima ni mwanamke hakukuwa jambo la siku moja. "Nilikuwa nikifika kwa boma naulizwa, fundi ako wapi? Nasema anakuja. Naingia, natengeneza. Nikitoka nawaambia, fundi alikuja na ameenda," anasema huku akicheka kwa mara ya kwanza jioni hii.

Kutazama nyumba hulipiwa shilingi 500. Mwezi mzuri humwachia kama shilingi 25,000. Mwezi ambao mvua ya mawe imeipiga chai na kila mkulima ameshika tama, hata 9,000 hazifiki.

Kinachomletea wateja wengi miaka hii ni taa zinazocheza. Balbu za zamani zilikuwa na uvumilivu. Stima ikipungua zilififia kidogo na mtu hakutambua. Hizi za LED hazifichi kitu. "Ni kama mtoto mdogo kwa nyumba," Nyamoita anaeleza. "Yote yanayofanyika ndani, yeye anaambia wageni."

Tatizo ni kujua anaambia nini. Pengine balbu yenyewe ni ya bei ya kutupa na haitamaliza mwezi. Pengine holda imelegea. Pengine ni swichi, kama ilivyokuwa kwa Clifford Oyugi, karani katika ofisi za kaunti mjini Bomet, ambaye taa ya chumbani mwake ilikuwa ikimulika kidogo kidogo hata baada ya kuzimwa.

"Tulikuwa tumeombea hiyo nyumba mara mbili," Oyugi anakiri kwa simu, na unamsikia kabisa anavyoona haya. "Mke wangu Maxine alifunga siku tatu. Huyu mama akaja, akanywa chai, akaangalia, akasema shida ni kale kataa kekundu kanakowaka kwa swichi. Kanapitisha stima kidogo, na balbu ya LED haihitaji nyingi kuwaka. Akaweka swichi ya kawaida ya shilingi 120. Pasta alipopiga kuuliza kama maombi yamejibiwa, ningesema nini? Nilisema ndiyo."

Lakini kwenye vilima vya hapa, watu wana jibu moja kwa kila taa inayocheza: ni kiwanda.

Na si uongo. Jioni, malori yakishashusha majani mabichi, mitambo ya kusaga huwashwa mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ukiamka huvuta stima nyingi kwa mpigo, na taa za vijiji vya karibu hushtuka. Watu wamezoea hata kupangia saa. Taa zikicheza, kina mama huchukua ndoo na kwenda kukamua. Hakuna anayetazama dari mara mbili.

Nyamoita pia alikuwa hatazami mara mbili. Hapo ndipo mkosi ulipomwingia.

Ilikuwa mwezi wa Juni, miaka mitatu iliyopita. Chepngeno alimwita: taa ya sebuleni inacheza. Nyamoita alifika jioni akiwa na haraka, kwa sababu hoteli moja sokoni ilikuwa gizani na mwenyewe alikuwa akimpigia simu bila kupumua. Akiwa bado amesimama mlangoni, taa zikacheza, na mngurumo wa kiwanda ukasikika kutoka ng'ambo.

"Ni kiwanda, Kogo," alimwambia, akimwita nyanya kwa Kikipsigis. "Wakimaliza kuwasha zitatulia."

Chepngeno alikuwa ameshabandika sufuria ya chai. Katika boma la Kipsigis, mgeni hatoki sufuria ikiwa motoni, labda awe na neno na mwenye nyumba. Mama huyo alimfuata hadi langoni akimwomba anywe hata kikombe kimoja cha maziwa. "Siku ingine, Kogo," Nyamoita alijibu akipanda pikipiki.

"Dakika kumi," anasema sasa, akitazama kikombe chake. "Ningekaa dakika kumi nikunywe hiyo chai, mitambo yote ingekuwa imeshawashwa, na ningeona taa bado zinacheza. Ningejua kuna kitu kingine. Lakini aliniomba nikae, nikakataa."

Kitu kingine kilikuwa ndani ya swichi kuu. Skrubu iliyoshika waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, ilikuwa imelegea. Kila pasi ilipowashwa, pale palichemka. Wiki mbili baadaye, Jumapili saa tano asubuhi, Chepngeno akiwa kanisani, plastiki iliyeyuka na moto ukashika dari ya mbao.

Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Ng'ombe walikuwa malishoni. Lakini vyumba viliteketea vyote, na ndani yake picha pekee ya marehemu mumewe, iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho.

Nyamoita alikuja akikimbia na wengine, ndoo ya maji mkononi. Majivu yalipopoa aliomba kuonyeshwa swichi kuu. Ilikuwa imebaki donge, na upande ulioungua zaidi ulikuwa ule wa nyutro.

"Nilijua pale pale," anasema. "Nikakaa chini kwa matope."

Hakuna aliyemuuliza chochote. Watu walikuwa wameshaamua kulaumu stima, na stima haina mdomo wa kujitetea. Angenyamaza, mambo yangeisha hivyo. Mumewe alimsihi anyamaze.

"Mimi nilimwambia, Mama Atuti, funga mdomo," Kebaso anasema bila kujificha. "Sisi ni watu wa kuja hapa. Ukisema ni wewe umechoma boma la wenyewe, tutaishi wapi? Niliogopa. Siwezi kudanganya."

Alinyamaza siku nne, na anasema siku hizo nne hakuonja usingizi. Siku ya tano majirani walikusanyika kuchanga kwa ajili ya nyumba mpya. Nyamoita alitoa alichokuwa nacho, kisha akapiga moyo konde, akasimama mbele ya umati na kusema: taa ilicheza nikiwa hapa, nikasema ni kiwanda, sikufungua boksi la swichi kuu.

Hakuna aliyemtukana. Chepngeno alimtazama kwa muda, akageuka, akaendelea kuwagawia watu chakula. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Walikutana sokoni, walikutana kwenye kituo cha kupimia majani, na mara zote mama huyo alitazama upande mwingine.

"Afadhali angenitukana," anasema Nyamoita. "Matusi husemwa yakaisha."

Ndipo alipojiwekea sheria ya kikombe. Haingii nyumba kwa haraka tena. Wenyeji wakimletea chai anaipokea kwa mikono miwili, anaketi, anatazama. Nani amewasha pasi? Pampu ya maji imeanza? Inacheza taa moja au zinacheza zote? Kiwanda kinanguruma au kimenyamaza? Wateja wengine humwona mvivu. Mmoja alimwambia wazi kwamba hakumwita aje kunywa.

Kisha akafanya jambo gumu zaidi. Alikaa chini akakumbuka kila nyumba aliyowahi kuiambia ni kiwanda. Zilikuwa 19. Akazirudia zote kwa miguu na kwa pikipiki, akifungua maboksi bila malipo. Katika nyumba nne alikuta nyaya zimelegea. Katika moja, waya ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi, na watoto wa nyumba hiyo walikuwa wakilala chumba cha pili.

"Ile moja," anasema. "Ile moja hunipa shida hadi leo."

Wiki iliyopita simu yake ililia. Namba hakuijua. Sauti aliijua.

"Ni Chepngeno. Taa inacheza tena. Kuja." Simu ikakatwa.

Nyumba mpya iliwekwa nyaya na fundi mwingine. Kwa miaka miwili haikuwa na neno, hadi miezi minne iliyopita taa zilipoanza kucheza kupita kawaida kila jioni. Mafundi wawili walikuja kwa zamu. Wote waliuza balbu mpya, wakachukua chao, wakaenda. Taa zikaendelea vile vile. Tangu hapo, kila jioni taa zikicheza mara ya kwanza, Chepngeno huteremsha swichi kuu na kukaa gizani hadi asubuhi.

"Nimejengewa nyumba ya stima, na ninakaa na tochi kama mwizi," anasema. "Usingizi sipati. Nanusa. Nasikia harufu ya moto hata kama hakuna."

Kwa nini basi amwite huyu, kati ya mafundi wote wa Roret?

"Hao wengine hawajawahi kuchoma nyumba," anajibu, uso umekauka. "Huyu anajua inaanzia wapi."

Kikombe kimeisha. Nyamoita anakiweka mezani, anainuka, anazima swichi kuu na kuifungua. Kwa tochi ya kichwani anakagua waya mmoja mmoja. Anavuta kila mmoja, anakaza kila skrubu, anatafuta weusi wowote kwenye plastiki. Anapanda kiti na kushusha holda zote nne. Anafungua soketi za ukutani. Chepngeno anamfuata nyuma chumba hadi chumba.

Hakuna kitu. Fundi aliyeweka nyaya hizi alifanya kazi safi.

Anawasha stima tena na kuomba birika la umeme lijazwe maji. "Chai ya hiyo kitu si chai," Chepngeno ananung'unika, lakini analijaza. Birika likichemka linavuta stima nyingi, na kama kuna mahali pamelegea, patajitaja. Kipimo alichokichomeka kinasoma volti 238, kinashuka hadi 234, kinatulia hapo. Hiyo ni kawaida. Anazima tena, anagusa skrubu za swichi kuu kwa mgongo wa kidole. Baridi. Anarudia jaribio zima tangu mwanzo. Baridi.

Wewe na mimi tungefurahi. Nyamoita anaketi kwenye kiti na kujishika kichwa. Balbu zote zinafifia kwa pamoja, kwa hiyo si holda. Nyaya ni nzima. Limebaki neno moja tu la kusema, na ndilo lile lile alilolisema hapa miaka mitatu iliyopita. Nani atamwamini?

Anampigia mumewe aliye kazini.

"Baba Atuti, mmeshawasha mingapi?"

"Miwili. Bado minne," Kebaso anajibu huku nyuma yake kukiwa na kelele. "Hii mikubwa mipya iliyowekwa mwezi ule wa sita ndio tunaanza sasa. Kwani?"

"Unaweza kuniambia kabla ya kila moja?"

"Kukuambia naweza. Kuuchelewesha siwezi, supavaisa ako hapa."

Mwezi wa sita. Nyamoita anahesabu kwa vidole: miezi minne. Anaweka simu kwa sauti ya juu na kumpa Chepngeno aishike. Kipimo anakiweka mezani mbele yake, namba zikimwelekea.

"Kogo, mimi sisemi kitu. Sikiliza mwenyewe, uone mwenyewe."

Simu inakwaruza.

"Sasa," anasema Kebaso.

Mngurumo unajaa kwenye simu. Papo hapo balbu zinashuka, kipimo kinaporomoka hadi 207, kinapanda, kinatulia. Chepngeno anaruka kidogo, nusura simu imponyoke.

"Mwingine. Sasa."

Zinashuka, zinarudi.

"Huu pia. Sasa."

Mara hii ya tatu Chepngeno hatazami kipimo. Anamtazama Nyamoita.

"Umebaki mmoja, huo ni mpaka lori la mwisho liingie," Kebaso anasema, na kuaga.

Mama anarudisha simu. "Sema," anamwambia fundi.

"Niseme nini, Kogo?"

"Ile neno yako. Sema."

Nyamoita anageuza macho kutoka kwenye kipimo hadi kwa mama.

"Ni kiwanda, Kogo."

Chepngeno anavuta kiti na kuketi, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Anaweka mikono magotini.

"Leo ni kiwanda," anasema taratibu. "Ile siku haikuwa kiwanda. Ilikuwa haraka yako."

"Ndiyo, Kogo."

"Ulininyima dakika kumi."

"Ndiyo, Kogo. Nisamehe."

Nyamoita analia bila kuficha, akijipangusa kwa mkono wa koti. Chepngeno anamwacha alie. Kisha anaenda kuleta birika la kweli, lile la chai ya maziwa lililokuwa likipata moto jikoni muda wote huu.

"Umesema kikombe cha kwanza ni cha macho. Na cha pili?"

"Cha pili ni cha kwenda nyumbani."

"Basi kunywa. Leo hutoki hapa ukikimbia."

Wanakunywa wakizungumza kwa utulivu. Nyamoita anaeleza kwamba balbu walizomuuzia wale mafundi wawili ni dhaifu, hazivumilii stima ikishuka. Kesho ataleta nne zinazovumilia. Lakini hilo ni la kutuliza tu. Dawa yenyewe ni kuiandikia kampuni ya umeme barua ya kijiji kizima, waombe transfoma ya nyumba itenganishwe na laini ya kiwanda. Barua ameshaiandika. Imebaki kukusanya sahihi.

Ana mpango mwingine, na huu ndio anaousema macho yakimng'aa. Anataka kuwafundisha kina mama wa vilima hivi kutazama taa zao wenyewe. Anataka wajue kwamba taa zikicheza pamoja na mngurumo wa kiwanda, ni sawa mtu aende zake akakamue. Taa zikicheza na kiwanda kimenyamaza, mtu azime swichi kuu na kuita fundi, na asimruhusu fundi huyo kuondoka kabla ya kufungua boksi.

"Sitaki wasubiri mimi," anasema. "Mimi ni mtu mmoja, na nimewahi kukosea."

Shida imekuwa mahali pa kukutania. Aliomba kwa watu wawili, wakamwambia watafikiria. Chepngeno anasikiliza, anakwangua majani ya chai kwenye ukingo wa kikombe.

"Waje hapa," anasema. "Jumamosi. Nitawaonyesha mahali ile nyumba ingine ilianzia kuungua."

Saa moja kasoro, Nyamoita anashuka kwenye njia nyembamba katikati ya chai, mkoba begani. Kiza kimeanza kuingia na taa zinaonekana kilima kizima. Ng'ambo, lori la mwisho limeshaingia. Mtambo wa sita unanguruma, na nyumba zote juu yetu zinafifia kwa pamoja, kisha zinarudi.

Nyamoita anasimama. Anageuka, anaitafuta nyumba ya Chepngeno, anangoja. Jioni nyingine yoyote, mama yule angekuwa ameshateremsha swichi kuu. Inapita dakika moja. Inapita ya pili. Taa ya baraza inaendelea kuwaka, na ya sebuleni pia.

"Hajazima," anasema, kisha anaendelea kushuka hadi barabarani.